Kupiga Hodi Kabla ya Kupiga Picha: Uhakiki wa Albamu za Mkaazi Mgeni Zanzibar

Ikisiri

Makala haya yanahakiki picha za maisha ya kila siku zilizopigwa Zanzibar na watu waliohamia kisiwani humo, kuanzia wapiga picha wenye asili ya Goa katika karne ya 19 hadi wakaazi wageni wa leo. Hoja kuu ni kwamba tatizo la picha hizi halimo katika lenzi peke yake, bali limo zaidi katika maneno yanayoandamana nazo: maelezo ya picha, majina yaliyotajwa na yaliyoachwa, na lugha iliyochaguliwa. Kwa kuchunguza matumizi ya kitenzi *kupiga* katika Kiswahili, makala yanatofautisha picha ambayo mtu *amepiga* na picha ambayo mtu *amepigwa*, kisha yanatumia tofauti hiyo kama kipimo cha uhakiki. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa vyombo vya lugha na turathi katika Afrika Mashariki, ikiwemo Rwanda.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya ni mkaazi mgeni. Anaishi Kigali kwa kibali, anafanya kazi Kigali, na kwa miaka kadhaa amekuwa akitembea na kamera ndogo mwishoni mwa wiki. Siku moja katika mtaa wa Biryogo, Nyamirambo, alimwomba mama mmoja muuza vitenge ruhusa ya kumpiga picha mbele ya kibanda chake. Mama alikubali, akapanga upya vitenge vyake, akasimama. Baada ya picha aliuliza kwa Kiswahili: "Na hiyo picha inakwenda wapi, mwalimu?" Nilimjibu kwamba itakaa kwangu. Akasema: "Basi na mimi uniletee yangu." Nilimpeleka baada ya miezi saba. Kibanda kilikuwa na mtu mwingine, na sikuweza kumuulizia kwa sababu sikuwa nimemuuliza jina. Picha hiyo bado ninayo. Nyuma yake nimeandika: "Muuza vitenge, Biryogo."

Tukio hili dogo ndilo lililoleta uhakiki huu. Nilipolitafakari niligundua kwamba maneno yangu matatu nyuma ya picha hayatofautiani kwa lolote na maelezo ya kadi za posta za Zanzibar za miaka zaidi ya mia moja iliyopita, ambazo kwa muda mrefu nilikuwa nikizisoma kwa jicho la lawama. Kadi zile zina "aina" za watu. Mimi pia nilikuwa nimetengeneza aina. Aliyezipiga alikuwa mkaazi mgeni. Na mimi pia.

Zanzibar imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu ya pwani ya Afrika Mashariki ambayo historia yake ya picha ni ndefu na imeandikwa vizuri. Pili, ni kisiwa ambacho picha zake zimekuwa bidhaa. Jua, bahari, milango ya nakshi, kanga na watoto wanaochupa baharini vimerudiwa mara nyingi kiasi kwamba mtu asiyewahi kufika kisiwani anaamini anakijua. Sehemu kubwa ya picha hizi haikupigwa na watalii wa siku tatu. Ilipigwa na watu waliokaa: walimu wa kujitolea, wenye nyumba za wageni, wafanyakazi wa mashirika, wenza wa wenyeji, wastaafu. Hao ndio wanaozungumziwa hapa.

2.0 Mgeni, Mkaazi, Mwenyeji

Kiswahili kinatupa maneno matatu yanayofaa kuanzia. *Mgeni* ni mtu asiyejulikana, lakini pia ni mtu anayekaribishwa; neno moja linabeba maana zote mbili bila mgongano. *Mwenyeji* ni mwenye mji, yaani yule ambaye mahali ni pake na kwa hiyo ana wajibu wa kukaribisha. Maneno haya mawili hutegemeana: hakuna mgeni pasipo mwenyeji. Neno la tatu, *mkaazi*, halina uhusiano huo. Linatokana na kukaa tu. Huko Zanzibar neno hili limepewa uzito wa kisheria: kitambulisho cha raia wa kisiwani huitwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na raia wa kigeni anayeishi huko huhitaji kibali cha ukaazi.

Mkaazi mgeni basi ni mtu wa hali mbili. Amekaa vya kutosha kuacha kuwa mgeni wa kukaribishwa kila asubuhi, lakini hajawa mwenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa kama mzaha kwa mgeni anayechelewa kuondoka, lakini ndani yake mna kanuni ya kijamii: kukaa kunaleta wajibu. Swali la uhakiki huu ni hili: jembe la mpiga picha ni lipi? Baada ya siku mbili za kutazama, anadaiwa kazi gani na mji uliompokea?

Ili kulijibu, nimechunguza namna wasemaji wa Kiswahili wanavyolitumia tendo lenyewe. *Kupiga* ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi zaidi katika lugha yetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga hodi. Katika matumizi haya maana ya kugonga imefifia. Kinachobaki ni tendo la haraka linalofanywa kwa chombo au kwa sauti. Katika *kupiga picha*, hata hivyo, kuna jambo la ziada. Mtu anayetoka studio akiwa amevaa shati jipya husema "nimepiga picha." Hakushika kamera. Aliyeshika kamera ni mwingine, lakini mtenda katika sentensi ni yule aliyekaa mbele ya pazia. Amechagua nguo, amechagua siku, amelipa, na picha itakuwa yake. Sarufi inampa utendaji kwa sababu shughuli nzima ni yake.

Sentensi hubadilika mara tu kiambishi cha yambwa kinapoingia: "amenipiga picha." Sasa mwenye kamera ndiye mtenda, na aliye mbele ya kamera ametendwa. Ikienda mbali zaidi huwa "nimepigwa picha," ambayo mara nyingi husemwa kwa malalamiko: nilipigwa picha bila kujua, nilipigwa picha nikiwa nafua.

Ni lazima kukiri mpaka wa hoja hii. Sarufi si maadili. Mtu anaweza kusema "nimepiga picha" akimaanisha kwamba ameipiga bahari kwa simu yake, na mtu anaweza kusema "amenipiga picha" kwa furaha. Sidai kwamba umbo la kitenzi linahukumu. Ninachodai ni kwamba lugha yetu tayari inazo njia mbili za kumweka mtu katika picha, ya mtenda na ya mtendwa, na kwamba njia hizi zinatupa kipimo kilicho chetu, kisichohitaji kuazimwa kutoka nadharia za mbali. Kutokana na kipimo hicho ninauliza maswali matatu kwa kila albamu: nani amepiga na nani amepigwa, nani ametajwa jina, na, kama alivyouliza mama wa Biryogo, picha inakwenda wapi.

3.0 Kamera Iliyoletwa na Wageni

Upigaji picha wa kibiashara Zanzibar ulijengwa na watu waliohamia. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19, A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio mjini. Ndugu Coutinho na A. R. Pereira de Lord, nao wenye asili ya Goa, walifanya kazi hiyohiyo, na picha zao zilienea kama kadi za posta mwanzoni mwa karne ya 20. Hawa hawakuwa wasafiri waliopita. Walifungua maduka, walilea watoto, walizika wazee wao kisiwani. Ni wakaazi wageni kwa maana kamili.

Kazi zao leo zimetawanyika katika hifadhi za nchi nyingi. Mkusanyo mmojawapo mkubwa ni wa Humphrey Winterton, ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kati ya takriban mwaka 1860 na 1960. Msomaji anayepitia kazi za kipindi hicho huona upesi mgawanyo wa majina. Majengo yana majina. Meli zina majina. Masultani, mabalozi na maofisa wana majina na vyeo. Wachukuzi, wauza maji, wanawake waliovaa kanga na watoto wa mitaani hawana. Wanaelezwa kwa kabila, kwa kazi au kwa neno la jumla lenye maana ya "mwenyeji" ambalo katika lugha za wakoloni lilikuwa limepotezewa heshima yote iliyomo katika neno la Kiswahili. Mwenyeji wetu ni mwenye mji. Mwenyeji wa kadi ya posta ni sehemu ya mandhari.

Itakuwa makosa, hata hivyo, kuziona picha hizi kama kazi ya ukoloni peke yake. Prita Meier, katika kitabu chake cha mwaka 2024 kuhusu historia ya picha katika pwani ya Waswahili, ameonyesha kwamba picha ilipokelewa pwani kama kitu cha kushikika na cha kupamba, miongoni mwa vitu vingine vilivyotoka ng'ambo na kupata maisha mapya katika nyumba za pwani. Wateja wa studio hizo walikuwa pia watu wa mji wenyewe. Studio ileile iliyouza kadi ya "mwanamke wa Kiswahili" kwa abiria wa meli, iliweza siku hiyohiyo kumhudumia mfanyabiashara aliyekuja na wanawe akataka picha ya sebuleni. Picha mbili, chumba kimoja, pengine pazia moja. Katika ya pili mteja *amepiga* picha. Katika ya kwanza mtu *amepigwa*.

Tofauti haimo katika ufundi. Mwanga ni uleule na bamba ni lilelile. Tofauti imo katika mahali picha inapokwenda, na katika maneno iliyobeba safarini. Picha ya sebuleni haikuhitaji maelezo kwa sababu kila aliyeitazama alimjua aliyemo. Picha ya meli ilihitaji maelezo kwa sababu iliwaendea wasiomjua, na maelezo yakaandikwa na mtu ambaye hakuona haja ya kuuliza.

4.0 Studio ya Kenyatta Road

Mfano wa pili unatusaidia kuona kwamba ukaazi wa mgeni unaweza kuzaa kazi ya namna nyingine. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, mwenye asili ya India, alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Mwanawe, Rohit Oza, aliiendeleza baada yake, na duka katika Kenyatta Road likawa mahali ambapo mtu aliweza kuona ukutani miongo ya maisha ya mji: maharusi, wanafunzi, maofisa, barabara, sherehe za watawala waliokuja na kuondoka.

Pamila Gupta ameandika kuhusu picha za baiskeli za Ranchhod Oza katika Mji Mkongwe wa miaka ya 1950. Mada hiyo inastahili kutafakariwa. Baiskeli si kivutio. Hakuna aliyesafiri kwa meli kwenda kutazama baiskeli za Unguja. Anayeziona kuwa zinafaa kupigwa picha ni mtu anayeishi mtaani, anayejua kwamba kwa kijana wa wakati ule baiskeli ilikuwa mshahara wa kwanza, ilikuwa uhuru wa kwenda Bububu na kurudi kabla ya magharibi. Maisha ya kila siku, kwa maana yake halisi, ni yale ambayo mwenyeji mwenyewe angeyaita ya kawaida. Jicho la Oza liliyafikia kwa sababu riziki yake ilitegemea wateja wa mtaa uleule. Kama picha haikumpendeza aliyemo, hakulipa.

Hapa ndipo *nimepiga picha* inapopata msingi wa kiuchumi. Mteja wa studio ni mtenda kwa sababu ana uwezo wa kukataa. Aliyekutwa barabarani na kamera ya mgeni mara nyingi hana uwezo huo, au anao lakini adabu ya kumkirimu mgeni inamzuia kuutumia. Ukarimu, ambao tunausifu katika kila hotuba ya utalii, ndio unaogeuka kuwa ruhusa ambayo haikuombwa.

Si kila mgeni katika habari hii ametoka ng'ambo ya bahari. Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu pwani ya Kenya, amechambua mivutano juu ya kuonekana na kutoonekana, hasa kwa sura za wanawake wa Kiislamu, pamoja na kazi za wapiga picha wa Likoni, Mombasa, ambao wengi wao walitoka bara. Kwa Mswahili wa Mombasa, mtu wa bara naye ni mgeni. Suala letu basi halihusu rangi ya mpiga picha, bali uhusiano wake na mahali, na adabu za mahali hapo.

5.0 Jua la Albamu na Jua la Saa

Tangu uchumi wa Zanzibar ulipofunguliwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na hasa baada ya Mji Mkongwe kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, albamu za wakaazi wageni zimeongezeka. Zinatoka kama vitabu, kalenda, mapambo ya hoteli na mikusanyo ya mtandaoni. Sitazitaja moja moja, kwa kuwa lengo si kumhukumu mtu. Ninachambua mtindo unaojirudia.

Jambo la kwanza katika mtindo huo ni jua. Mpiga picha hupenda saa ya mwisho ya mchana, mwanga unapolala na rangi zinapoiva. Ni saa nzuri, hakuna ubishi. Lakini katika Kiswahili cha Unguja jua si mapambo, ni saa. Kuna jua la asubuhi, jua la utosi, alasiri, magharibi. Kila mojawapo linamwambia mtu awe wapi na afanye nini. Magharibi ni saa ya kuingia: wanaokwenda msikitini wanakwenda, watoto wanaitwa nyumbani, biashara hupumua. Saa ambayo mkaazi mgeni anatoka na kamera ndiyo saa ambayo jirani yake anaingia ndani. Matokeo yake ni kisiwa cha ajabu ambamo ufukwe ni mtupu, vijana wanachupa kutoka ukuta wa Forodhani, na dau moja linapita. Kisiwa hicho kipo, lakini ni cha dakika arobaini kwa siku.

Jambo la pili ni kazi iliyogeuzwa kuwa mandhari. Mfano ulio wazi zaidi ni wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki: Paje, Bwejuu, Jambiani. Kilimo cha mwani kilianza huko kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Picha ya kawaida huonyesha mwanamke ameinama katika maji ya kijani, kanga imelowa, anga limejaa mwanga. Maelezo, mara nyingi kwa Kiingereza, Kiitaliano au Kijerumani, husema mwanamke, mavuno, bahari, amani.

Msomaji wa Kiswahili anaona mengine. Anaona kwamba ni maji kupwa, na pengine ni bamvua, kwa kuwa ndipo maji yanapotoka mbali vya kutosha kuyafikia mashamba. Anajua kwamba mwanamke huyo hakuchagua saa. Bahari ndiyo iliyochagua, na wiki ya maji mafu hangekuwa pale. Anaona vigingi na kamba, na kwa hiyo anajua kwamba hilo ni shamba lenye mwenyewe na mipaka yake. Anaweza kukisia kama ni kupanda au kuvuna kwa kutazama mzigo. Yote haya yamo katika picha. Mpiga picha ameyaona kwa lenzi, lakini maelezo yameyafuta.

Tena kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa Flower Msuya na wenzake umeonyesha kwamba kupanda kwa joto la maji katika sehemu za kina kifupi kumeathiri vibaya mwani wa aina ya cottonii, ambao una bei bora kuliko aina nyingine inayolimwa huko, na kwamba kuna haja ya mbinu za kulima katika maji ya kina kirefu. Yaani jua lililoifanya picha iuzike ni sehemu ya tatizo la aliyemo katika picha. Albamu inayosifu mwanga bila kusema hivyo haijadanganya kwa picha. Imedanganya kwa ukimya. Sentensi moja ya maelezo ingetosha: jina la mkulima, aina ya mwani, na neno moja kuhusu maji.

Hili ndilo jembe lililotajwa awali. Anayekaa siku mbili hana budi kuandika "mwanamke na bahari," kwani hajui zaidi. Anayekaa miaka miwili ana njia ya kujua. Amesikia neno bamvua likisemwa dukani. Anamjua binti wa mkulima. Asipoliandika, si kwa kukosa ujuzi. Ni kwa sababu anawaandikia watu wa kwao, na hao hawakuuliza.

6.0 Hoja Zinazopingana

Inaweza kusemwa kwamba uhakiki huu ni mkali kwa watu walioipenda Zanzibar. Hoja hiyo ina uzito. Picha za wakaazi wageni zimehifadhi mengi ambayo wenyeji hawakuwa na kamera, fedha au nafasi ya kuyahifadhi. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, ilidhihirika namna picha za zamani zilivyo ushahidi wa jengo lilivyokuwa. Hakuna anayeweza kusema picha hizo zisingepigwa. Ninachosema ni kwamba manufaa yake yangekuwa makubwa zaidi kama zingebeba majina ya waliojenga, waliofagia na waliolinda, kama zilivyobeba jina la jengo.

Hoja nyingine ni kwamba kila mgeni huona ugeni, na Waswahili nao walipokwenda ng'ambo walifanya vivyo hivyo. Ni kweli. Habari za safari zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, ikiwemo ya Selim bin Abakari kuhusu Urusi na Siberia, zimejaa mshangao wa mtu aliyefika pasipo kwao. Lakini mfano wa Sayyida Salme unaionyesha hoja hii upande wake wa pili. Binti huyo wa Sultani Said aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Picha yake inayojulikana zaidi ilipigwa katika studio ya Hamburg, akiwa katika mavazi ya kifalme ya kwao. Mkaazi mgeni huyu hakuwapiga Wajerumani picha. Alipiga picha, kwa maana ya studio: alijionyesha mwenyewe kwa wenyeji wake, kisha akaandika kitabu kuieleza dunia aliyotoka, kwa lugha ya wale waliompokea. Tunaweza kubishana juu ya mengi katika kitabu hicho, lakini mwelekeo wake unafundisha: mgeni alichukua mzigo wa kujieleza kwa lugha ya mwenyeji. Wakaazi wageni wengi wa Zanzibar ya leo huwaeleza wenyeji kwa lugha ambayo mwenyeji haisomi.

Mfano wa tatu umetoka hapa Rwanda. Rosamond Carr, Mmarekani aliyeishi karibu na Gisenyi tangu miaka ya 1950, alianzisha makao ya watoto ya Imbabazi mwishoni mwa mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 2000 Mmarekani mwenzake, David Jiranek, alianzisha huko mradi wa kuwapa watoto kamera. Watoto wenyewe waliamua nini kipigwe. Nchi ambayo picha zake zilizosambaa duniani zilikuwa za maiti na makambi, iliweza kuonekana kwa jicho la waliokulia ndani yake. Mradi huo nao ulianzishwa na wageni, na unaweza kuhakikiwa. Hata hivyo unathibitisha kwamba nafasi ya mtenda inaweza kukabidhiwa. Jambo hilo halihitaji nadharia mpya. Linahitaji mtu akubali kuiachia kamera.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Desturi ya pwani inamtaka anayefika mlangoni apige hodi, asubiri, apige tena, na asipojibiwa mara ya tatu aondoke. Hodi si maneno matupu. Inamjulisha mwenyeji kwamba kuna mtu, inampa nafasi ya kujisitiri, na inamwachia uamuzi. Kupiga picha na kupiga hodi ni matendo yanayotumia kitenzi kimoja, na katika maisha ya pamoja yanapaswa kufuatana. Uhakiki huu umeonyesha kwamba hodi ya picha haiishii kwenye ruhusa ya mdomo. Inaendelea katika jina linaloulizwa, katika lugha ya maelezo, na katika nakala inayorudi kwa aliyemo.

Kutokana na hayo yanapendekezwa mambo matatu.

Kwanza, hifadhi na makumbusho ya nchi za Afrika Mashariki ziandae maelezo ya picha kwa Kiswahili, pamoja na lugha nyingine za mahali, yasiyo tafsiri ya maelezo ya kikoloni bali maandishi mapya yanayotokana na mahojiano na wanaojua. Wazee wanaoweza kumtambua mtu katika picha ya miaka ya 1950 wanapungua kila mwaka. Kazi hii haiwezi kusubiri. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yapo Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kuiratibu kwa kushirikiana na BAKIZA na BAKITA. Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017, inaweza kuanza na picha zilizoko chini ya Inteko y'Umuco, ambapo Kinyarwanda na Kiswahili vingesaidiana.

Pili, vyombo vya lugha vikusanye msamiati wa picha kama unavyotumiwa na watu wa kazi hiyo, kuanzia studio za mitaani hadi vyumba vya habari, na wa kazi zinazopigwa picha mara kwa mara: uvuvi, mwani, ususi, ujenzi wa majahazi. Maelezo mazuri hayaandikiki bila maneno.

Tatu, sera za taarifa binafsi zizingatie picha za barabarani. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria zipo, kinachokosekana ni mwongozo mfupi kwa lugha nyepesi, ambao mkaazi mgeni angeweza kupewa siku anapochukua kibali chake, unaoeleza nini maana ya kumwomba mtu picha, na nini anadaiwa baada ya kuipata.

Kwa upande wa mwandishi, picha ya Biryogo haijatumika katika makala haya na haitachapishwa. Nimeendelea kumuulizia mwenyewe kwa wauza vitenge wa mtaa ule. Akipatikana, swali la kwanza litakuwa jina lake, na maelezo yatakayoandikwa nyuma ya picha tutayaandika pamoja.